Mafiga Chini ya Mchanga

Tunu Matano alikaa kitako ndani ya shimo, akaegemeza sululu ukutani, akagoma kutoka.

"Tunu, panda juu!" Mzee Hemedi, mwenyekiti wa kijiji, alifoka kutoka ukingoni. "Mkandarasi anakuja kesho kumwaga zege, halafu wewe unatuchezea?"

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Hapo alimweza. Mtu ukiamkiwa, hata uwe umefura vipi, utaitikia tu.

"Marahaba," alisema mzee, kwa shingo upande. "Haya, panda."

"Sipandi. Shuka wewe."

Weee! Watu waliojaa ukingoni walishika midomo. Tangu lini Mzee Hemedi akaambiwa ashuke shimo la choo? Maana lilikuwa shimo la choo kweli, choo cha zahanati mpya, ingawa jipya kabisa na halijaonja kitu.

Sasa usije ukadhani Tunu alikuwa haitaki hiyo zahanati. Thubutu! Hakuna mtu kijiji kizima cha Mzenga aliyeitaka kama yeye. Miaka sita iliyopita alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa Kibaha, na mtoto akazaliwa kando ya barabara, kwenye majani. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Tunu alimzika, na wiki iliyofuata akashika sululu aliyorithi kwa baba yake, akaendelea kuchimbia watu visima na vyoo. Siku iliposomwa barua kwamba kijiji kitapata zahanati yenye wodi ya wazazi, alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Na sasa binti yake Mboni alikuwa na mimba ya miezi saba.

Lakini kulikuwa na mstari. Mwaka wa mvua za Elinino, mto Ruvu ulipofura ukameza mashamba, Hemedi, wakati huo kijana, alichukua rangi nyekundu akachora mstari kwenye ukuta wa ghala la korosho, pale maji yalipoishia. Tangu hapo kijiji kizima kilipimia mstari ule. Ukitaka kujenga, unaulizwa, je, uko juu ya mstari? Uko juu? Basi jenga, baba. Kiwanja cha zahanati kilikuwa juu ya mstari kwa zaidi ya kimo cha mtu, na kamati ikapiga makofi.

Tunu naye alipiga makofi. Halafu akaanza kuchimba. Juu alikuta udongo mweusi, chini yake mfinyanzi, na alipozama mpaka mabegani sululu ikaingia kwenye mchanga mweupe, wenye vijiwe laini vya mviringo na makombe ya konokono wa majini. Alisimama akauangalia kwa muda mrefu. Mchanga kama ule aliujua. Ulikuwa wa mtoni, na mto ulikuwa mbali kule bondeni.

Aliujaza kwenye chupa ya maji, akaenda nao Kibaha, mtaa wa Sofu, kwa Dina, mwalimu wa jiografia ambaye Tunu aliwahi kumchimbia choo. Dina aliumwaga kwenye gazeti, akausugua kwa vidole.

"Huu umeviringishwa na maji, da Tunu. Mto ulifika hapo."

"Lini? Mbona hata bibi yangu hakusimulia?"

"Bibi yako angejulia wapi? Zamani sana, maelfu ya miaka, nchi hizi zilikuwa na mvua nyingi kuliko hizi tulizozoea. Kisha ukaja ukame wa karne na karne, mito ikanywea. Mvua zikarudi, zikaondoka tena. Kila hali ya hewa ilipogeuka, mto nao uligeuza mipaka yake. Huo mchanga wako ni wa zamu gani, siwezi kukwambia, mpaka upimwe maabara."

"Na zamu nyingine itakuja?"

Dina alikunja gazeti taratibu. "Bahari inazidi kupata joto, na mvua za siku hizi hazina adabu. Mimi nisingejenga."

Tunu aliwapelekea wanakamati maneno hayo. Wakacheka! Mmoja akasema konokono wanatembea, huenda walipanda wenyewe. Tunu alirudi shimoni kwa hasira, akachimba kupita mchanga, na alichokikuta chini yake ndicho kilichomfanya akae kitako siku ile.

"Wafadhili wakisikia tunayumba, zahanati itahamia kijiji cha Kurui!" Mzee Hemedi alipiga kelele. "Utamjibu nini Mboni?"

Hilo lilimchoma.

"Nitamjibu kwamba nilikataa alazwe na mtoto mchanga kwenye njia ya maji," alisema. "Shuka, Mwenyekiti. Ukishaona, ukiniambia panda, nitapanda."

Mzee alivua kofia, akampa mwanawe Faraji, akashuka kwa vile vikato vya miguu alivyochonga Tunu ukutani, huku akilaani kila hatua. Tunu akamwonyesha mchanga, unene wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kisha akavuta gunia lililokuwa limefunika kitu pembeni.

Yalikuwa mawe matatu, yamekaa pembe tatu, meusi kwa masizi. Katikati yake palikuwa na mkaa na kigae cha chungu.

"Mafiga," alisema Mzee Hemedi. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Mafiga. Kuna mama aliinjika chungu hapa, Mwenyekiti. Akijua mto uko kule bondeni. Na tazama mchanga uko wapi, uko juu ya jiko lake. Watu wake nao lazima walikuwa na mstari wao, na mtu wa kuutetea."

Mzee alichuchumaa, akagusa figa moja kwa kiganja.

"Mwaka ule wa Elinino nilimbeba mama yangu mgongoni, maji yananifika kifuani," alisema. "Nikajua mto umemaliza uwezo wake wote."

"Ulionyesha uwezo wa siku hiyo tu."

Mzee alipumua, akainua uso. "Faraji! Ng'oa vigingi vyote vya msingi. Vipeleke kule juu, kwenye mikorosho yangu."

"Mikorosho ipi, baba? Ile inayozaa?"

"Kwani nina mingine?"

Siku ile ile Tunu alichimba katikati ya mikorosho ya Mzee Hemedi. Alikuta udongo mwekundu, akachimba, mwekundu, akazama mpaka kichwa kikapotea, mwekundu vile vile. Hapakuwa na mchanga wala kombe. Kesho yake mkandarasi alikuja na manung'uniko yake, na Mzee Hemedi akamwambia ashuke shimo la zamani kwanza, ndipo waongee. Alishuka. Aliporudi juu, akaanza kupima upya.

"Sasa lile la chini ulifukie," Mzee Hemedi alimwambia Tunu, akitazama mikorosho yake ikianguka. "Watoto watatumbukia."

"Nitalizungushia ua, lakini silifukii ng'o," alijibu Tunu. "Mjukuu wangu akianza kutembea nitamshusha humo nimwonyeshe. Wangu mimi hakulia, Mwenyekiti. Wa Mboni atalia, na atalilia pakavu."