Matuta ya Vitambaa Vyeupe

Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umeisha. Ulishahamia mgongoni, ukapanga na chumba kabisa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akisomba mwani kutoka ufukweni, akiusuuza mpaka chumvi itoke, akiukatakata, akiuchemsha na kuukamua kwa kitambaa, apate maji ya kahawia yenye harufu iliyowafanya majirani wamwite Mpika Mwani, na hawakulitamka jina hilo kwa heshima. Akiyazimua maji hayo na kuyanyunyizia kwenye majani, mimea ilichangamka: mizizi ilishuka chini, maua hayakupukutika ovyo, jua kali likapita mmea umesimama. Si mbolea, alieleza mpaka koo likamkauka. Mbolea ni chakula. Hii ni ya kuuamsha mmea upate hamu ya kula. Watu walitikisa vichwa wakaenda zao.

Safari hii chama cha wakulima kilikubali kupima. Kikiridhika, kingechukua maji yake kwa mashamba ya wanachama wote. Kisiporidhika, alishajiambia, anazima jiko na kurudi kwenye kibarua chake cha zamani cha kuchambua vitunguu ghalani. Bwana shamba alikuja akayagawa matuta yake ya nyanya: yenye kijiti cha kitambaa chekundu yanyunyiziwe mwani, yenye kitambaa cheupe maji matupu.

"Mengine yote yawe sawa," alisisitiza. "Tofauti iwe hiyo moja tu."

Kwa kuwa mara nyingi Mpika Mwani alikuwa ufukweni, kunyunyizia alimwachia mama yake. Mama huyu alilea watoto saba kwa sufuria moja, na kama kuna kipaji alichojaliwa basi ni kugawa. Yai moja la kuchemsha aliligawa kwa uzi, na hakuna mtoto aliyenung'unika.

Siku ya ukaguzi nyanya zilikuwa zimefunga mpaka vijiti vinapinda. Matuta yote.

Mwenyekiti wa chama alipita huku, akapita na kule, mikono nyuma. "Kwa kulima, hongera," alisema. "Ila huo mwani sijauona. Maji matupu yamefanya kazi ileile."

Bwana shamba alichutama, akapima shina la tuta hili na la tuta lile.

Mpika Mwani aliyatazama matuta ya vitambaa vyeupe. Jani lile nene alilijua, na halikuwa jani la maji matupu. Akageuka kumtazama mama yake, aliyesimama mlangoni akitabasamu kama mama wa bibi harusi.

"Mama, haya meupe ulikuwa unayapa nini?"

"Si ni maji matupu, kama ulivyosema?" Tabasamu likapungua. "Na yale ya mwani yanayobaki kwenye bomba la kunyunyizia. Sasa mwanangu, ningefanyaje? Mekundu yanakunywa, wenzao pembeni wanaangalia tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nikawa nayapunguzia mekundu kidogo, na haya yapate."

"Mama, tunakuheshimu," mwenyekiti alisema. "Lakini mtoto akikwama, mzazi atasema lolote. Nikasimame mkutanoni na maneno hayo?"

Bwana shamba alimwombea Mpika Mwani msimu mmoja zaidi. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, wakaondoka.

Mpika Mwani alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu. "Sirudii, mama. Nimechoka."

"Utarudia."

"Na wewe utayapa tena."

"Nitayapa," mama alikiri. "Hata nikikuapia, nikiyaona yamesinyaa nitasahau kiapo. Ndiyo maana nakwenda kukaa kwa kaka yako."

"Wewe na wifi hampikiki chungu kimoja."

"Tutapikika. Msimu mmoja tu." Akaingia ndani kukunja nguo zake, na mwanawe hakuwa na nguvu ya kumzuia.

Msimu mpya Mpika Mwani alinyunyizia mwenyewe. Alisomba mwani, alichemsha, alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza kama amekula. Matuta mekundu yalishika kasi. Meupe yalibaki nyuma, membamba, majani yakilegea kila jua lilipopanda. Ndicho alichokitaka, na ndicho kilichomtoa mama yake nyumbani.

Asubuhi moja alimaliza tuta jekundu la mwisho, akatikisa bomba, akasikia maji ya mwani yamebaki chini, kama vikombe viwili. Mbele yake lilikuwa tuta jeupe. Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akatembea mpaka njiani, akayamwaga vumbini, uso kaugeuzia pembeni.

"Vumilieni, wanangu," aliyaambia matuta meupe, akaenda kujaza maji matupu.