Hakuna Aliyeuliza Kama Amekula

Hasira zangu kwa kawaida hazikai, zikija jioni zinaondoka. Hizi za siku ile ya Miembeni bado ninazo, na sioni sababu ya kuziacha.

Mjukuu wangu Klaudia ana miaka ishirini na miwili na anaogopa daktari wa meno kuliko nyoka. Alipokuwa darasa la pili alishikwa na watu wazima watatu, aking'olewa jino ganzi haijashika. Mmoja wa wale watatu nilikuwa mimi. Kwa hiyo mwaka huu jino lake la nyuma lilipooza, shavu likavimba, nikaapa kwamba safari hii hashikwi na mtu. Tulisikia kuna kliniki Miembeni, Bukoba mjini, wanakuchoma sindano unasinzia, ukiamka jino halipo. Nikapiga simu kutoka kwetu Kamachumu. Binti wa mapokezi, Nancy, akasema, "Njooni tu saa nane, Bibi." Basi. Hakuongeza neno.

Tulifika mjini mapema, tukapita Nshambya kwa dada yangu Benadetha. Sasa niambie, nani kwetu anapita kwa dada yake akatoka hajala? Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage vilishaiva, vinasubiri chini ya majani ya mgomba. Klaudia akasema hana hamu. Benadetha akanuna. "Kumbe siku hizi chakula changu ni kibaya?" Nami, kwa kinywa changu mwenyewe, nikamwambia mtoto, "Kula, usimvunjie bibi yako heshima." Akatafuna kwa upande mmoja mpaka sahani ikaisha.

Saa nane alikuwa kwenye kile kiti kirefu cha kliniki, mikono baridi.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Wazee weupe wamekaa kwenye viti vyekundu, mvua ikinyesha hawainuki."

"Meno! Bibi, waitu, leo hii umekosa kingine cha kunitegea?"

Tukacheka. Daktari Aristides akaingia, akamfunga mkono, akachoma sindano ya mshipani. Hakuuliza amekula saa ngapi. Hakuuliza kama ana pumu, wala ana kilo ngapi. "Mama, subiri nje," akasema, macho ya Klaudia yakiwa tayari yanafumba.

Nikakaa kwenye benchi. Punde namwona daktari anatoka, simu sikioni, anapita kwenda uani huku anacheka. Nancy yuko mezani kwake. Wote wawili wako huku, je, kule ndani yuko nani? Ndipo nikasikia sauti ya kooni, kama dumu linalojaa maji.

Sikubisha hodi. Klaudia alikuwa amelala chali, matapishi yamejaa mdomoni mpaka puani, midomo imeanza kuwa zambarau. Nimelea watoto saba. Nikamvuta bega, nikamgeuza ubavu, nikaingiza vidole na kuyatoa, huku namwita daktari kwa sauti ambayo nadhani watu wa mtaa wa Bilele waliisikia. Akaja mbio. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umefunikwa kitambaa cha maua; alipoufungua haukutoa hata pumzi moja. Kile kidude cha kubana kidoleni, kinachoonyesha hewa mwilini, alikitoa kwenye droo. Hakina betri.

Klaudia akakohoa. Akakohoa tena. Nami nikakumbuka kupumua.

"Mama, mngesema kwamba amekula," daktari akasema.

Nikamtazama. Nancy alikuwa ameshakimbilia barabarani kutafuta gari la kutupeleka hospitali.

"Daktari, kitendawili."

"Mama, huu si wakati wa..."

"Sema tega!"

"Tega."

"Nampeleka mtu mahali asipoweza kujisemea, halafu namwacha huko peke yake. Mimi ni nani?"

Akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Uchafu wote ulikuwa kwenye mikono yangu.

"Umeshindwa. Mwingine angenipa mji. Mimi mji sitaki, nataka karatasi. Andika dawa uliyomchoma, kiasi gani, saa ngapi. Huko tunakokwenda watajuaje?"

Akaandika, akanipa. Dawa aliitaja. Chini yake: "Mgonjwa alijisikia vibaya ghafla." Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma najua.

"Ghafla? Andika kwamba alitapika amelala na wewe ulikuwa uani. Andika kwamba hukumuuliza kama amekula."

"Mama, hiyo itaniharibia kazi."

"Wewe ungemharibia nini huyu?"

Nikasimama mlangoni. Mimi ni mnene, na mlango ule ni mwembamba. Akaandika.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakamsikiliza kifua, wakasema upande wa kulia una mlio mbaya, abaki. Benadetha akafika analia kwamba amemuua mtoto kwa ndizi. Nikamkaripia. "Nyamaza! Wewe ulipika, mimi nilimlazimisha, na wala hatukujua kwamba anayesinzishwa hatakiwi kula. Aliyesomea sindano ndiye alipaswa kuuliza."

Daktari wa zamu, mama mmoja anaitwa Violeth, aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Bibi, nani amekuandikia hivi?"

"Mwenyewe," nikasema. "Kwa mkono wake. Weka nakala kwenye faili, hii yenyewe nirudishie. Kesho asubuhi naipeleka kwa mganga mkuu wa mkoa."