Udi Kabla ya Picha

Jawaher aliwaambia wenzake wafanye watakalo, mradi picha yake isiguswe. Wasichana watatu wa mwaka wa pili wa sanaa walikuwa wameigeuza nyumba yao ya kupanga, huko Ansab, kuwa ukumbi wa maonyesho. Vitanda vilisimamishwa ukutani, na jikoni kulijaa vinyago vya udongo vya Bashayer, mmoja wa wenzake, hata birika likakosa pa kukaa. Picha ya Jawaher ilikuwa chumba cha nyuma, peke yake, kwa sababu ilikuwa na mtu wake mmoja wa kuitazama.

Mtu huyo ni baba yake, Bwana Thabit. Alikuwa ameshasema: atakuja, ataona, na akiona ni upuuzi, muhula ujao binti anahamia uhasibu. Jawaher hakubishana. Alimchora baba mwenyewe, kainama dirishani kwao Sib, miwani puani, anashona kofia tobo kwa tobo, kazi aliyoianza alipostaafu na asiyopenda wageni waione. Picha ilisema yale ambayo binti alishindwa kuyasema mezani: mkono huu nimeurithi kwako. Na ilikuwa nzuri, jamani. Hata mwalimu wao, mtu wa kununa, alisimama mbele yake mpaka chai ikampoa.

Baba alifika alasiri pamoja na kaka yake, Ami Marhoon. Wakakaribishwa sebuleni kwa kahawa na halua, maana mgeni haburutwi kutazama kuta kabla hajaonja kitu. Jawaher akakimbilia nyuma kurekebisha taa.

Nyumba nzima ilinuka rangi ya mafuta. Nawar, mwenzao wa tatu, alimwona Ami Marhoon akijiziba pua kwa ncha ya kilemba, akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Akachukua chetezo, akatia udi mzuri wa mama yake, akawapitishia wageni. Dasturi aliijua, amelelewa nayo: udi ukishapita, mgeni huaga. Lakini wakati ule aliwaza pua tu.

Wazee wakajifukiza kanzu na ndevu, wakashukuru, wakainuka.

Jawaher aliwakuta mlangoni wakitafuta viatu.

"Baba, bado hujaona! Yangu iko chumba cha nyuma."

"Nshafukizwa, mwanangu."

"Nawar kakosea tu, alikuwa anaondoa harufu. Ingia kidogo, nakuomba."

Nawar alisimama na chetezo chake, analia, anaapa kosa ni lake. Ami Marhoon akacheka. "Basi rudi ukaone, Thabit. Watoto hawa, nani atakulaumu?"

Jawaher akamtazama baba yake, na hapo ndipo moyo ulipomfa. Uso ule ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nyumba nzuri, mashallah," alisema Bwana Thabit, akiiweka sawa kofia kichwani, ile ile aliyokuwa akiishona kwenye picha. "Jumapili nnakuja na gari, tuhamishe vitu vyako."

Jawaher alikuwa amejiandaa kwa baba atakayeichukia picha. Kwa baba anayeogopa kuipenda hakuwa amejiandaa. Akambusu mkono, kama kawaida, akamfungulia mlango wa gari.

Kisha alirudi chumba cha nyuma, akazima ile taa. Udi ulikuwa umeshafika hata huko.