Murere na Mulele

Pauline, jirani yangu, alinisomea ukurasa wa ishirini na tatu wa ripoti ya mgodi mara mbili, polepole, kwa sababu maandishi madogo huchosha macho yangu. Ulisema kwamba maji machafu ya shimo la mgodi yatapitishwa kwenye mtaro hadi Mulele. Chini yake yalikuwa majina ya watu arobaini na mmoja waliokubali, kila mmoja na alama ya kidole. Alama ya tisa ilikuwa yangu.

Kwetu, nje ya Kitale upande wa kwenda Bungoma, kuna Murere na kuna Mulele. Murere ni korongo kavu lililojaa mrenda wa porini, mboga tunayochuma. Mulele ni chemchemi, na familia kumi na tisa tunakunywa hapo. Watu wa mgodi walipokuja Januari kuuliza maji yao yaelekezwe wapi, tulisema Murere, nao wakaandika walichosikia. Siwalaumu sana. Majirani zangu wa Bungoma huchanganya herufi r na l, na sisi tuliotoka Nyeri ni hivyo hivyo. Pauline akitaja mojawapo, sijui ni ipi mpaka anyooshe mkono.

Kikao cha mwisho cha ofisi ya mazingira kilikuwa Jumatano, huko Kanduyi. Kingeisha bila pingamizi, mgodi ungepewa leseni. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Niliwaza kidole changu kwenye hiyo karatasi, na mjukuu wa Pauline ambaye ndio kwanza ameanza kunywa uji.

Mvua ilituchelewesha njiani, mimi na Pauline. Tulipofika, askari wa mlangoni aliona nguo zangu zinadondoka maji, akaniletea kiti chake mwenyewe na kukifuta kwa kofia yake. Ndani, injinia wa mgodi, Bwana Mukhisa, alikuwa anaeleza jinsi shimo litakavyojazwa kazi ikiisha, udongo mzuri urudishwe juu, kisha miti ipandwe. Alieleza vizuri, na niliona anayaamini maneno yake. Afisa wa mazingira, msichana aitwaye Fardosa, aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilisimama.

"Maji mnapeleka Murere," nilisema. "Sisi tulisema Murere."

Watu walicheka. Hata mimi nilisikia kwamba nimesema kitu kimoja mara mbili. Kijana mmoja nyuma akasema, "Shosho, si basi mmekubaliana, bana?" Pauline aliinuka kunisaidia, akayasema yote mawili kwa l, wakacheka zaidi. Mukhisa alieleza kwa upole kwamba walisikia jina hilo likitamkwa kwa namna mbili, wakachagua moja, na kwamba mama mwenyewe aliweka kidole.

Nilijaribu tena. Ulimi ulizidi kukataa. Niliona Fardosa ameshika kalamu juu ya karatasi, nikajua nikikaa chini imekwisha.

Lakini yeye hakucheka. Aliweka kalamu mezani.

"Shosho, wacha jina," alisema. "Niambie tu, ukienda huko unabeba nini."

"Kumoja nabeba kikapu cha mboga. Kwingine nabeba mtungi."

Fardosa aliichukua ramani ya mgodi, akaja nayo mpaka kwangu, akaniketisha, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye matope na kuniomba nimwonyeshe pa mtungi. Sikujua hata ni upande upi wa juu. Niliogopa kwamba nikiweka kidole vibaya mara ya pili, hakuna atakayenisikiliza tena. Nikauliza jua linachomoza wapi. Akaigeuza karatasi taratibu, akanionyesha barabara, kisha shule. Kutoka shuleni nilipajua. Nilifuata njia ya ng'ombe, nikapita kwa Pauline, nikateremka. Kidole kilisimama mwisho kabisa wa mstari wa buluu wa mtaro, mahali unapomwagia.

Mukhisa aliinama akaangalia.

"Hapo ndipo pa mtungi?" aliuliza.

"Hapo."

Alivua miwani. Fardosa alipiga mstari juu ya ukurasa wa ishirini na tatu na kusema leseni itangoja mpaka aende kuona sehemu zote mbili kwa macho yake. Watu walianza kukusanya mifuko yao. Mukhisa peke yake hakusogea. Alikuwa anasikiliza mvua juu ya mabati.

"Tulitangulia kuchimba shimo na mtaro kabla ya leseni," alisema kwa sauti ya chini. "Shimo likijaa mvua, maji yatashuka mtaroni bila pampu."

Fardosa alimwambia apige simu hapo hapo, na aiweke kwenye spika tusikie sote. Mtu wa mgodini alipoitika, Mukhisa alimwambia azibe mtaro wa kwenda Mu... akanyamaza. Alinitazama.

"Ule wa kwenda pale akina mama wanachota maji," alisema. "Kimbia."

Tulisikia mtu akikanyaga matope, akihema, akiita wenzake walete magunia ya mchanga. Pauline alinishika mkono, naye Fardosa alikuwa bado amepiga magoti kando ya kiti changu. Ilichukua muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu pumzi za yule mtu.

"Maji yameingia mtaroni," alisema mwishowe. "Lakini hayajafika chini. Zimebaki kama hatua ishirini hivi. Tunaziba."

"Endelea kuziba," Mukhisa akamwambia. "Usikate simu."