Ndugu wa Kunyonya

Muhiddin alikuwa Mwarabu mpaka Januari ya mwaka sitini na nne. Alikuwa karani mkuu wetu, kila asubuhi akitutajia babu yake wa Maskati, na mimi akiniita "we Mmakunduchi" kana kwamba kwetu shamba ni ugonjwa. Baada ya mapinduzi babu wa Maskati hakutajwa tena. Kanzu ikaingia kabatini, likatoka shati la mikono mifupi, na mimi Usi nikaanza kuamkiwa mwanzo.

Ningemcheka tu, lakini akaja kwetu Kikwajuni kumposa mdogo wangu Mize. Mama alikubali. Mize alikubali mbio mbio, maana alikuwa akimpenda tangu zamani, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Harusi ikapangwa mfungo mosi, Ramadhani ikisha. Mimi nilijua anachokitaka: mashemeji wa shamba wa kumkinga.

Haikupita muda, kamati ikakaa afisini kuchuja wafanyakazi. Kila mtu aliulizwa asili yake na jamaa zake, na asiyeeleweka alifukuzwa. Ikafika zamu ya Muhiddin. Uchumba wa wiki tatu aliona utaonekana hila, akatafuta kitu cha zamani zaidi. Akawaambia kuwa mama yangu, Bi Wanu, alimnyonyesha alipokuwa mchanga.

Uongo mtupu. Mama hajawahi hata kuingia nyumbani kwao. Wakaniita mimi nithibitishe.

Mwenyekiti, Bwana Mkadam, aliniuliza mara moja tu. "Huyu ni ndugu yako wa kunyonya?"

Muhiddin alikuwa akiniomba kwa macho, mjinga yule, hofu imemsahaulisha kuwa kwa dini yetu walionyonya ziwa moja hawaoani. Mimi sikusahau. Ningesema hapana, angefukuzwa kazi na bado angemuoa Mize.

"Naam," nikasema. "Kanyonya kwetu. Nnamjua toka mdogo."

Akabaki na kazi. Tulipotoka nje ndipo ilipomwingia akilini kuwa Mize hamuoi tena. Akakaa chini kwenye ngazi. Nikamwambia akitaka arudi akawaambie tumesema uongo, tufukuzwe sote wawili. Hakurudi.

Nilikwenda nyumbani nimefurahi, sifichi. Mize alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mama kama ni kweli alimnyonyesha. Mama akasema hapana.

"Basi nduguyo ni yule," Mize akaniambia. "Mie usinihisabu."

Miaka sita sasa. Hajaolewa. Ananipikia, ananiwekea chakula, na hajaniita kaka tena. Afisini Muhiddin huniita hivyo kila siku, mbele ya watu wote, nami huitika.