Lami ya Liwali

Mashimo ya barabara ya Bir Taghzut yalikuwa na majina. Lile la mbele ya duka la mikate liliitwa Bakuli. Lile la kwenye kona ya mizeituni liliitwa Mama Mkwe, kwa sababu hata ulipite kwa adabu vipi, halikosi la kukusema. Na lile kubwa kuliko yote, pale kwenye kalvati, kilomita nne kutoka kijijini, liliitwa Kisima. Ukimpigia mtu simu umuulize amefika wapi, atakujibu, "Nimeshamvuka Mama Mkwe," nawe ukajua uteleke kahawa.

Bualem alikuwa fundi wa barabara wa manispaa kwa mwaka wa ishirini na sita. Alikuwa na sururu, koleo, toroli na fulana ya rangi ya machungwa. Kitu ambacho hakuwa nacho ni lami. Kila mwaka meya, tuliyemwita Si Abdelhak kwa heshima, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba fedha za barabara zimepitishwa.

"Zimepitishwa wapi?" wazee wa mkahawani waliuliza. "Kwenye barabara hii hii? Basi zimevunja ekseli njiani."

Majira ya kuchipua watu walichoka. Walichoma matairi, wakafunga njia siku mbili. Mkuu wa wilaya akaja, akanywa kahawa yetu, akaahidi, akaondoka akiyakwepa mashimo yale yale. Tangu siku hiyo wanakijiji walijihudumia wenyewe: kila shimo lilisimikwa tairi kuukuu au ufito wenye kitambaa chekundu, angalau mgeni aone. Hasira iliyobaki ilimwangukia Bualem, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Ami Bualem," vijana walimwita, "hiyo fulana unaivaa ili tukuone tusikugonge, au tukuone tukugonge?"

Alicheka nao. Lakini ilimuuma, na palipomuuma zaidi hapakuwa mkahawani, palikuwa nyumbani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nuwara, aliyeolewa na Farid mjini, makao makuu ya mkoa. Miaka minane Nuwara hakupata mimba, na sasa, kwa rehema za Mungu, alikuwa nayo ya miezi saba. Daktari alimwambia jambo moja mara tatu: asitikiswe. Kwetu binti hujifungulia uzazi wa kwanza kwa mama yake. Warda, mkewe Bualem, alikuwa ameshafumua godoro la sufu akalifua na kulishona upya, na ameshaweka kando semolina na asali ya kupika tamina ya kumkaribisha mtoto. Kilichokosekana ni njia ya kumfikishia binti. Mama mkwe wake Nuwara, Lalla Zubida, alikuwa ameshatoa hukumu: "Mkaza mwana wangu hapiti kwenye mahandaki yale. Watu wale wanaishi chini ya ardhi."

Basi Novemba ikaja habari kwamba liwali wa mkoa atapita Jumanne kwenda kufungua tangi la maji.

Mkoa mzima unajua maana ya habari kama hiyo. Kingo za barabara zilipakwa chokaa usiku na mchana. Miche ya miti ilichomekwa ardhini bila mizizi, na mbuzi wakaila kabla ya liwali kuiona. Na lami ikaja! Malori mawili, kwa kilomita kumi na moja.

Bualem alizunguka malori yale mara moja, akamfuata meya.

"Si Abdelhak, hii haitoshi hata Kisima na majirani zake."

"Nani kakwambia ujaze lami? Jaza udongo. Juu yake weka ngozi ya lami ya vidole viwili, pitisha rola. Liwali anataka kuona weusi, tumpe weusi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha liwali atakuwa kwake, kanyoosha miguu kwenye busati." Kisha meya akamshika bega, akashusha sauti. "Ndugu yangu, mimi si mwizi. Fedha za kweli hazijafika, wallahi. Akipita akaridhika, zitakuja. Akiona mashimo atasema meya kashindwa kazi, na mwakani hatupati hata hela ya chokaa. Unataka nini?"

Ubaya wa maneno ya meya ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani yake. Bualem akainamisha kichwa, akaenda kuchukua koleo.

Siku tatu walifanya kazi. Askari walikusanya matairi na fito zote, wakazitupa bondeni, maana liwali hapokewi kwa matambara mekundu. Udongo ukaingia mashimoni, ngozi nyembamba ikapakwa juu, rola ikapita. Na jioni ya siku ya tatu barabara ya Bir Taghzut ilikuwa nyeusi, laini, moja kwa moja hadi upeo wa macho. Wazee walitoka baada ya swala ya alasiri wakaitembelea, mikono nyuma, kama watu wanaokagua mahari. Vijana waliacha utani, wakaipiga picha kwa simu na kuzisambaza. Mmoja wao alimpa Bualem mkono kabisa.

"Ami, leo umetutoa aibu."

Alijua kilichomo chini. Yeye mwenyewe alikimwaga. Lakini alisimama pale akaitazama barabara, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alijisikia ni fundi. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, hata picha ya chakula inamtoa mate.

Saa ile ile simu ikalia.

"Baba! Nimeona picha! Kweli hiyo ni barabara yetu?"

"Yetu, mwanangu."

"Lalla Zubida kaziona kwa macho yake, akanyamaza. Unajua yule kunyamaza ni muujiza." Nuwara alicheka, kisha akatulia. "Baba, Farid anauliza. Barabara ni nzima kweli? Maana daktari kasema nisitikiswe. Ukisema ndiyo, Ijumaa tunakuja, nabaki hapo hapo kwa mama mpaka nijifungue."

Warda alikuwa anakanda unga wa mkate. Mikono yake ikasimama, akamtazama mumewe kwa tumaini kiasi kwamba Bualem alishindwa kumwangalia. Alipiga hesabu haraka haraka moyoni. Ngozi ile ingeshika wiki moja, labda mbili, mradi pawe pakavu. Na mbingu zilikuwa kavu tangu Septemba, hata imamu alikuwa ameshawaswalisha watu swala ya kuomba mvua.

"Ni hariri, mwanangu," alisema. "Njooni."

Jumanne liwali alipita. Magari tisa, vioo vimefungwa, dakika nne. Watu waliopanga kumpungia hawakujua wampungie yupi.

Jumatano mchana Mungu akawajibu walioomba. Mvua ilishuka kwa uzito, ile mvua ya kuotesha ngano, na kijiji kizima kikatoka milangoni kushukuru. Wakulima walikumbatiana. Bualem peke yake alikaa dirishani, na Warda alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni mgongo.

Alhamisi, mvua ikiendelea, alitembea hadi kwenye kalvati. Lami ya Kisima ilikuwa bado inang'aa, haina hata ufa. Alikanyaga ukingoni kwa kisigino. Ikabonyea, na maji ya udongo yakachuruzika pembeni. Chini hapakuwa na kitu tena.

Alirudi nyumbani, akaswali magharibi, akachukua simu. Alikuwa ameshaamua. Angemwambia.

"Nuwara, sikiliza..."

"Baba! Nimeshafunga sanduku! Na huwezi kuamini: Lalla Zubida kanipa blanketi la mtoto, kalifuma mwenyewe. Kasema, mwambie baba yako Mungu ampe afya, katutengenezea njia. Katusema vizuri, Baba! Miaka minane sijamsikia akitusema vizuri. Haya, ulikuwa unasema nini?"

Bualem alilitazama godoro la sufu lililoshonwa upya.

"Nilikuwa nasema mvae vizito," alisema. "Huku baridi."

Ijumaa kukapambazuka bila wingu. Bualem alikuwa na mpango, na mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Kila mtu husafiri baada ya swala ya Ijumaa na kuskusi ya mchana. Nuwara na Farid hawangefika kabla ya alasiri. Angeondoka asubuhi na toroli lake, asimike fito zenye vitambaa kwenye kila shimo kama zamani. Farid angeziona, angepunguza mwendo, wangefika salama. Baadaye wangelaumu mvua, na hakuna ambaye angelazimika kujua lolote. Akaanzia Bakuli, akafuata Mama Mkwe, akaenda hivyo hivyo shimo kwa shimo kutoka mlangoni kwake kwenda nje.

Asichokijua ni kwamba Farid alikuwa mtoto aliyelelewa vyema. Alimwambia mkewe si adabu kufika kwa baba mkwe ukiwa umeshaswali kwingine. Alitaka asimame msikitini bega kwa bega na Ami Bualem, wanakijiji wamwone, wajue mzee ana mkwe. Wakaondoka saa tatu.

Bualem alikuwa amebakiza mashimo mawili kabla ya Kisima alipoliona gari jeupe likiteremka kilimani ng'ambo ya kalvati. Lilikuwa linakuja kwa raha, kwa mwendo wa mtu aliyehakikishiwa. Aliachia toroli, akakimbia katikati ya barabara na fulana yake ya machungwa, akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele.

Farid akamwona. Akapiga honi ya furaha, mara tatu, kama watu wanavyopiga kwenye harusi. Dirisha la upande wa pili likashuka, na mkono wa Nuwara ukatoka nje, ukampungia baba yake aliyetoka mbali hivyo kuja kuwapokea.

Gurudumu la mbele likaingia Kisimani hadi nusu ya mlango. Gari lilizunguka likajibamiza ubavu kwenye ukuta wa kalvati. Bualem alipofika, Farid alikuwa anavuja damu puani akiita jina la mkewe, na Nuwara alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Baba," alisema, "hachezi."

Gari la kusambazia mikate liliwarudisha mjini. Lilikwenda polepole sana, na bado halikwenda polepole vya kutosha. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa saa nane mchana, wakati watu wanatoka kwenye kuskusi zao, na hakulia.

Bualem alikaa kwenye benchi la hospitali na fulana yake mwilini, hakuna aliyekumbuka kumwambia aivue. Lalla Zubida alilia akiwa ameuegemea ukuta, na hakumwambia neno lolote baya. Ingekuwa nafuu kama angemwambia. Meya alikuja jioni na uso uliochoka. Alimkumbatia, akakaa karibu naye.

"Mvua, Bualem," alimnong'oneza. "Ni mvua. Sote tutasema hivyo, na ni kweli pia, si kweli?"

Hata Farid, pua imefungwa bandeji, alikuja akambusu kichwani. "Ami, usijitese. Imeandikwa. Ile mvua haikutarajiwa na mtu."

Watu wote walikuwa wanampa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Kisha muuguzi akasema mgonjwa anamwita baba yake, peke yake.

Nuwara alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Alionekana mdogo, kama alivyokuwa kabla hajaenda shule. Bualem akasimama karibu na kitanda. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Baba, ulijua?"

Aliwaza mvua. Aliwaza meya, Farid, imamu na swala yake. Akamtazama mwanawe usoni na akaona kwamba ataamini chochote atakachomwambia, kama alivyoamini siku ile.

"Nilijua," alisema.

Nuwara hakupiga kelele. Aliangalia dari.

"Kwa nini hukuniambia ni mashimo?"

"Nilifikiri usingekuja. Daktari kakukataza, mama mkwe wako naye... Mama yako alikuwa ananitazama. Nilitaka uje, mwanangu. Hilo tu, nilitaka uje."

"Ningekuja." Machozi yalikuwa yanamshuka pembeni kuelekea masikioni, na hakuyafuta. "Tulishapanga na Farid tangu mimba ikiwa ya miezi mitano. Kwamba tukifika kwenye mashimo nashuka. Yeye anapita na gari, mimi natembea, napanda tena mbele. Shimo kwa shimo, mpaka mlangoni. Nilinunua na raba za kutembelea, Baba. Uliposema ni hariri, ndipo nikaziacha nyumbani."

Akageuza uso ukutani. Bualem alisimama pale pale, akangoja aseme lingine, hata la kumfukuza, lakini hakusema. Warda akaingia na nguo safi za binti yake, akamkuta mumewe amesimama katikati ya chumba, akamwomba asogee ampishe.