Machozi ya Banda Umiza

Teodosia alikuwa mtu wa kulia. Si msibani, ambako alijikaza kuliko wanaume, bali mbele ya skrini. Filamu ikiwa na mbwa atakayepotea, yeye anaanza kulia mbwa anapotokea tu, kabla hata hajapotea. Ikiwa ya mapigano, atamlilia yule adui wa pembeni asiye na jina, anayepigwa teke moja na kusahaulika, kwa sababu naye bila shaka ana mama yake mahali. Pale Nachingwea watu walishamzoea. Akiingia kwenye banda umiza la Habibu, kibanda cha video nyuma ya soko, waliokaa benchi la mbele hugeuka na kuambiana, "Leo mvua ipo."

Mwenyewe hakuona haya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kamera moja yenye ufa kwenye kioo, na sifa iliyokwisha kufika hadi Ruangwa kwamba anapiga video nzuri za harusi na kipaimara. Lakini harusi zilikuwa za kutia unga jikoni tu. Moyoni alikuwa mtengeneza filamu, na aliamini kwamba mtengeneza filamu asiyeumizwa na kazi za wenzake hana atakachowapa watu.

Jumamosi moja mchana Habibu aliweka filamu ya Kikorea. Madirisha ya banda lake yalizibwa kwa magunia ya korosho, na pembeni ya televisheni alikaa Obadia na maiki yake. Obadia ndiye aliyekuwa akitafsiri. Asubuhi aliuza viatu vya mtumba sokoni. Mchana alikuwa sauti ya kila mtu: ya polisi, ya jambazi, ya bibi kizee, hata ya gari linalokataa kuwaka. Filamu za Kichina, za Kihindi, za Kituruki, zote alizitafsiri kwa wepesi uleule, na hakuna aliyewahi kumuuliza alisomea wapi.

Siku hiyo kwenye skrini alikuwapo mzee anayeuza viazi vya kuchoma kando ya barabara, theluji ikimjaa kofiani. Kila siku anakuja binti mwenye koti jekundu, ananunua kiazi kimoja, wanatazamana, anaondoka.

"Huyu ni Mzee Nandonde," Obadia akasema kwenye maiki, sauti ameishusha. "Na huyu binti, jamani, ni mwanawe wa kumzaa. Walipoteana kwenye mafuriko. Mzee keshamtambua, ila anaogopa. Aseme nini? Aseme mimi muuza viazi ndiye baba yako?"

Benchi la mbele wanaume walikohoakohoa. Mwishoni mzee aliacha jiko lake linawaka, akavuka barabara bila kutazama magari, akamkumbatia binti kwa nguvu. "Mwanangu!" Obadia akalia kwenye maiki, na sauti yake kweli ikakatika. Papo hapo skrini ikawa nyeusi.

"Imeisha," akasema taratibu.

Teodosia hakuweza kuinuka. Habibu alianza kufagia maganda ya karanga, akafagia mpaka miguuni pake, naye bado anapenga kamasi kwa ncha ya khanga. Alipofika nyumbani, mama yake, Getruda, aliyekuwa anachambua choroko uani, alimtazama yale macho akashtuka.

"Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, mama. Ni baba mmoja wa Korea. Kampata mwanawe."

"Ahaa. Hongereni," mama akasema, akaendelea na choroko.

Wiki nzima Teodosia hakuwa na habari nyingine. Alimsimulia fundi cherehani, akamsimulia katekista, akamsimulia bodaboda aliyekuwa amempakia na ambaye ilibidi asimame kando ili abiria wake amalize kulia. Kilichomkosesha usingizi hasa ni ule mwisho. "Yule mwongozaji ana roho ngumu!" alisema. "Hatuonyeshi hata uso wa binti. Giza! Anatuachia sisi tumalizie!" Akaapa filamu yake itaisha hivyohivyo. Akamchukua mama yake hadi shambani kwao Lionja, akampiga picha asubuhi nzima akifagia majani chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Ilikuwa filamu fupi isiyo na neno hata moja: mama anafagia, mama anainama, mama anatazama mbali kwa huzuni, na ghafla giza. Alipoihariri alilia, akaona sasa imeiva.

Kisha akaitwa Ruangwa kupiga harusi. Harusi ilipokwisha alilala kwa Magreti, binti wa mama yake mkubwa, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni, mwanamke wa vicheko na asiyependa kulialia. Kesho yake asubuhi, wakinywa chai, Teodosia akaanza: mzee, viazi, theluji, koti jekundu.

"Ngoja," Magreti akasema. "Koti jekundu? Ile ya Kikorea? Mbona tumeiangalia hapahapa na wageni! Ipo kwenye ile televisheni ya sebuleni."

"Da Magreti, tuiangalie! Lakini jiandae na leso."

"Leso ya nini?" Magreti akauliza, lakini mwenzake alikuwa ameshakimbilia sebuleni.

Filamu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, na Kiingereza cha kidato cha nne kilimtosha Teodosia. Dakika za kwanza alilia kama kawaida, kwa mazoea. Kisha akaanza kusoma. Akakunja uso. Akasogea karibu na televisheni mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Da Magreti, mbona mzee anazungumza na redio ndani ya koti?"

"Si ni mpelelezi!"

"Mpelelezi wa nini?"

"Wa dawa za kulevya. Zimefichwa kwenye viazi. Yule binti ndiye mchukuzi."

Teodosia akageuka taratibu. "Si mwanawe?"

"Mwanawe kutoka wapi?"

Mzee akaacha jiko linawaka. Akavuka barabara. Akamkumbatia binti kwa nguvu, na Teodosia, pamoja na yote aliyoyasikia, akajishika kifua. Skrini haikuwa nyeusi. Mkono wa mzee ulishuka polepole mgongoni mwa binti, ukaingia mfukoni, ukatoka na pingu. Zikafuata bunduki, magari ya polisi, viazi vikipasuliwa kimoja kimoja kwenye meza, unga ukimwagika.

Magreti alicheka mpaka akalala kwenye kochi. "Umelia wiki nzima! Unamlilia muuza unga!"

Teodosia hakucheka. Alihisi kama mtu aliyehudhuria mazishi akaambiwa jeneza lilikuwa tupu. Na kibaya zaidi, filamu yake! Ule mwisho wa giza aliouiga kwa unyenyekevu wote, kumbe hakuna mwongozaji duniani aliyeufikiria. Alipanda gari la kwanza kurudi Nachingwea, vumbi lote la njiani akalimeza bila kufunga dirisha, kwa hasira.

Obadia alikuwa sokoni, amepanga viatu vyake juu ya turubai, anakipiga kimoja brashi.

"Kaka Obadia, Mzee Nandonde ni polisi!"

Obadia akatazama huku na huku. "Punguza sauti, dada."

"Sipunguzi! Umenidanganya. Umetudanganya banda zima."

"Ulilia, hukulia?"

"Nililia!"

"Sasa unadai nini? Nikurudishie machozi?"

Obadia akaweka kiatu chini, akamsogezea ndoo akae.

"Sikia," akasema. "Kikorea sikijui. Hata Kichina sikijui, hilo likae kati yetu. Mimi natazama nyuso. Yule mzee alivyokuwa anamtazama yule binti, ungesema nini wewe? Nikasema baba. Nikaenda nayo, nikanogewa, mpaka mwisho na mimi nalia kwelikweli. Ghafla naona pingu! Watu wametulia, Habibu mwenyewe anafuta macho, halafu mimi niseme nini? Kwamba baba anamfunga mwanawe pingu? Nikavuta waya."

"Ulivuta waya?"

"Wa televisheni. Kwa kidole cha mguu."

Teodosia alimtazama yule mtu, akakitazama kidole chenyewe kimechungulia kwenye ndala, na cheko likamponyoka bila idhini yake. Alipojaribu kumweleza pingu zilifuatiwa na nini, Obadia akaziba masikio kwa viatu viwili. "Usiniambie! Wangu wamepatana."

Hapo ndipo Teodosia alipokiri kwamba naye ana filamu, na kwamba imeishia kwenye waya wa Obadia. Obadia akataka kuiona mara moja. Wakapatana ioneshwe Jumapili baada ya misa, kabla ya filamu kubwa, kwa sharti moja: Obadia asifungue mdomo.

"Haina maneno," Teodosia alimwambia. "Watu waumie kimyakimya."

"Kimyakimya," Obadia akaapa.

Jumapili banda lilijaa, kwa kuwa Getruda mwenyewe alikuja na wenzake wa jumuiya kujiangalia, wakiwa bado na sare za kwaya. Filamu ikaanza. Mama anafagia. Mama anafagia tena. Benchi la mbele mtu akasema, "Imekwama hiyo." Mwingine akasema, "Habibu, piga kofi hiyo mashine." Obadia alijishika mdomo kwa mikono miwili. Mama akainama. Mtu akapiga mwayo mrefu wenye sauti, na mwayo ule ndio uliomshinda Obadia. Akanyakua maiki.

"Mama huyu, ndugu zangu, anafagia, lakini moyo wake uko mbali. Mume wake alivuka mto kwenda Msumbiji, mwaka wa saba huu..."

"Nani kaenda Msumbiji?" Getruda akasimama katikati ya banda. "Mume wangu yuko nyumbani anakoroma!"

Banda likalipuka. Masikio ya Teodosia yalipata moto. Alitamani ardhi immeze.

"Basi samahani, mama," Obadia akasema kwenye maiki, bila aibu yoyote. "Tuambie mwenyewe, hapo unawaza nini?"

"Nawaza maharage! Nimeyaacha jikoni yanachemka, na huyu mtoto ananiambia rudia mama, jua halijakaa vizuri. Hapo nafagia pasafi!"

Ukafika uso wa mama, umejaa skrini nzima, ule uso ambao Teodosia aliupiga kwa upole kama anashika yai, pembe ya mdomo ikitetemeka kidogo. Kwa uso ule alitegemea watu wazima walie.

"Na hapa, mama?"

"Hapo siafu kanipanda mguuni. Na huyu mtoto kaniambia nisitikisike!"

Wanakwaya walishikana mabega wasianguke. Teodosia akatazama skrini, na safari hii akaona kweli: si huzuni, ni siafu. Akaona jicho moja likiteremka kidogo kuelekea mguuni. Aliutazama uso ule mara ngapi alipokuwa anahariri, akalia kila mara, na hakuwahi kumwona siafu. Kicheko kikamjia kutoka tumboni, kikamkunja, kikamtoa machozi kuliko Mkorea yeyote.

Mama akatazama mbali, mwisho kabisa, kwa muda mrefu.

"Hapo nachungulia kama mbuzi wa jirani kaingia kwenye mihogo," Getruda akatangaza. "Na alikuwa kaingia!"

Giza. "Rudia!" benchi la mbele wakapiga kelele. "Rudia hiyo, Habibu!" Filamu kubwa ilichelewa, na hakuna aliyelalamika.

Siku zilizofuata Teodosia alikaa na mama yake uani, simu imewekwa kwenye kinu irekodi sauti ya kuwekwa kwenye filamu, mama asimulie yote upya. Haikuwa kazi rahisi. Mama hakukubali kusema jambo lilelile mara mbili. Kila akianza upya, mbuzi alikula mihogo mingi zaidi, na mwenye mbuzi alitajwa jina na ukoo. Obadia alikuja kusikiliza, akapewa kazi ya kuwa sauti ya mbuzi, akaifanya vizuri mno.

Magreti akaiomba filamu hiyo, wakaionesha Ruangwa, kwenye ukumbi wa kulia chakula wa ile nyumba ya wageni. Majirani walikuja na viti vyao. Teodosia alikaa kitini kando ya ukuta, leso mkononi kwa tahadhari, lakini muda si mrefu akagundua haitazami filamu kabisa. Alikuwa anawatazama watu. Wengi walicheka palepale alipotarajia. Mstari wa pili alikaa bibi mmoja wa Chinongwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na ambaye hakucheka hata kidogo. Uso wa mama ulipojaa skrini, kabla sauti haijasema lolote, bibi yule aliinama polepole akajikuna mguu.

Teodosia akasogeza kiti chake amwone vizuri zaidi.